Oili ya difu ya nyuma kwenye FJR1300 (pikipiki ya shafti): naomba mwongozo kabla sijamwachia fundi

MzeeWaLami

Habari za jioni wakuu. Nina Yamaha FJR1300 ya 2008, niliinunua used ikiwa imetoka Uingereza, dashibodi inasoma maili na saivi ipo maili elfu 38 na kitu. Injini haina neno, nimeshamwaga oili na filta nimebadili, breki nimeweka pedi mpya. Kilichobaki ni huku nyuma kwenye shafti (kile chuma kirefu kinachozungusha tairi badala ya cheni), yaani difu, lile dude la chuma lililoshika tairi upande wa kushoto ambalo ndani lina krauni na pinioni, zile gia mbili zinazozungusha tairi.

Sasa tatizo ni mafundi. Wa kwanza kaniambia pikipiki isiyo na cheni haina sevisi nyuma, oili yake ni ya maisha, ukifungua ndo unaanzisha uvujaji. Wa pili kasema oili inabadilishwa ila niweke hiyohiyo ya injini 20W-50 mana oili ni oili. Wa tatu ye hata haelewi nnachomuuliza, anatafuta cheni iko wapi 😂

Mwezi ujao nataka kupanda nayo Mbeya kutoka Dar, tupo watatu, nina masanduku matatu na mama watoto nyuma, na ule mlima wa Kitonga na mzigo huo sitaki kusikia mlio wowote kutoka huko chini. Naomba kujua oili gani, kiasi gani, na kama naweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Spana za kawaida ninazo. Kitabu cha pikipiki hakikuja nayo.

bodaNoMore

Oili ya maisha, maisha ya nani sasa, ya pikipiki au ya huyo fundi? 😂😂

Shafti_Arusha

Mkuu usiogope, hii ni kazi ndogo kuliko hata kubadili oili ya injini, mtu asiye na haraka anamaliza kabla chai haijapoa, ila ina mambo mawili matatu ambayo ukiyakosea unajiletea matatizo ambayo hayakuwepo. Ngoja nikuandikie kwa urefu mana naona watu wengi wanahamia kwenye hizi pikipiki kubwa na hakuna anayewaambia.

Kwanza kiasi. FJR1300 nyuma inachukua mililita 200 tu, yaani robo lita haifiki. Ukinunua chupa ya lita moja unabadili mara tano. Aina iliyoandikwa kwenye vitabu vya mwanzo vya FJR ni gia oili ya hipoidi (ya gia za difu) SAE 80, hiyo namba ni ya uzito wake, daraja la GL-4, baadae Yamaha wakaanza kuandika oili yao wenyewe ya shafti yenye namba ya spea, ambayo kuipata huku kwetu ni kazi kweli. Watu wengi duniani wanatumia 80W-90 au 75W-90 ya sintetiki na mambo yanaenda. Hiyo 80W-90 unaipata duka lolote la oili za magari, ndo hiyohiyo inayokwenda kwenye difu za pickup na Hiace.

Ratiba ni kilomita 1,000 za mwanzo pikipiki ikiwa mpya, kisha kila kilomita 20,000 au miaka miwili, na kati hapo kila kilomita 10,000 unakagua tu kiwango. Angalia sana hapa, wewe dashibodi yako ni maili. Kilomita 20,000 ni maili 12,400 hivi, sio maili elfu 20. Pikipiki yako imeshatembea kilomita elfu 61 na ushee, kwa hiyo ilitakiwa iwe imebadilishwa angalau mara nne na ile ya mwanzo. Kama mwenye nayo wa kwanza alikuwa mtu wa karakana basi sawa, kama alikuwa mtu wa kuendesha tu kuna uwezekano iliyomo humo ndo iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa namna ya kufanya. Itembeze kidogo kwanza, kama kilomita kumi hivi, oili ipate joto na uchafu uelee, alafu iweke kwenye stendi kubwa ya kati, sehemu iliyonyooka. Sio stendi ya pembeni! Ikilala upande kipimo kinakudanganya. Na mazinga (mabomba ya moshi) ya FJR ni mawili, kushoto na kulia, la kushoto lipo karibu kabisa na mkono wako hapo unapofanyia kazi kwa hiyo subiri lipoe au funga kitambaa kizito cha mkono.

Kuna bolti mbili. Ya juu kubwa ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. ANZA NA YA JUU. Nimeandika kwa herufi kubwa mana hapa ndo penye mtego. Mtu anafungua ya chini kwanza, oili inamwagika yote, anaenda ya juu anakuta imeganda haifunguki, sasa ana pikipiki isiyo na oili na hana pa kuijazia, na karakana ipo mbali. Ya juu ikifunguka ndo unashuka chini.

Weka karai, na kabla ya hapo viringisha kitambaa au nailoni kwenye tairi na rimu. Oili ya gia ikigusa tairi usiseme itakauka yenyewe, kona ya kwanza unayolala nayo ndo utajua. Ikimwagika futa na uoshe kwa sabuni.

Acha idondoke mpaka itoe tone moja moja, kama dakika kumi na tano. Safisha bolti ya chini, weka wosha mpya (ile ya kubonyea, hazirudiwi), kaza. Kipimo cha kukaza bolti zote mbili ni Nm 23, ambayo ni kidogo sana kuliko watu wanavyodhani. Nyumba ya difu ni aluminiamu, ukikaza kwa hasira na spana ndefu unang'oa nyuzi na hapo ndo inakuwa kesi. Kama huna spana ya torki tumia spana fupi na mkono mmoja.

Kisha unajaza kwenye tundu la juu mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu, ikianza kutaka kutoka umefika. Mililita 200 zinatakiwa zifike hapohapo. Chupa ya oili haiingii vizuri kwa hiyo nenda famasi nunua sirinji kubwa ile ya mililita 60 na kipande cha mpira wa dripu. Sirinji tatu na kidogo, umemaliza, na umepima kwa usahihi.

Usizidishe. Watu wanafikiri ikijaa sana ndo inalainisha sana, hapana, ikipata joto inatanuka na kutoa povu, presha inatafuta pa kutokea, inatokea kwenye sili (mpira unaozuia oili isivuje), na sili ipo karibu na tairi.

MzeeWaLami

Aisee Shafti_Arusha ubarikiwe, hii peke yake nimeiprinti. Ila swali, umesema GL-4 na dukani nimepita leo Gerezani nimekuta zote zimeandikwa GL-5. Muuzaji kasema ni kitu kimoja.

KisumuTwin

Sio kitu kimoja lakini kwa kazi yako haina shida, wacha nieleze mana hii vita ya GL-4 na GL-5 nimeiona mahali kwingi na watu wanaichanganya.

GL-5 ina zile dawa za presha kubwa, salfa na fosforasi, karibu maradufu ya GL-4. Ndio sababu ukifungua chupa inanuka kama mayai viza. Hizo dawa zinatengeneza ngozi nyembamba juu ya meno ya gia pale chuma kinapofinyana na chuma na oili yenyewe imekamuliwa ikatoka. Ubaya wake unasemwa kwenye gia boksi za magari ya zamani zenye sinkronaiza (pete za kulainisha uingizaji wa gia) za shaba, kwa sababu dawa hizo zinaweza kula shaba. Sasa jiulize, ndani ya difu ya FJR kuna sinkronaiza gani? Hakuna. Kuna krauni, pinioni na beringi, zote chuma. Kwa hiyo GL-5 ya 80W-90 weka bila wasiwasi. Mahali penye GL-5 imeandikwa na wewe unataka kuweka GL-4, hapo ndio usifanye.

Na hiyo ya kuweka oili ya injini, tafadhali hapana. Namba zinachanganya watu. Mtu anaona 90 anafikiri ni nzito mara mbili ya 50, kumbe vipimo ni viwili tofauti, gia oili ya 90 ukiipima kwa uzito iko sawa tu na oili ya injini ya 40 hadi 50. Kwa hiyo si suala la uzito, ni zile dawa. Oili ya injini imetengenezwa kubeba masizi na kukaa na klachi, haijatengenezwa kwa meno yanayosuguana kwa kuteleza chini ya mzigo.

Sisi huku Nairobi Grogan unapata za kupima kwenye mtungi, lita kwa lita. Mimi singeweka. Nunua chupa iliyofungwa na sili yake, ni bei ya mafuta ya kutoka town mpaka Naivasha tu.

TwendePolepole

Nyie watu wa vitabu mnatisha watu. Mimi nina pikipiki ya shafti mwaka wa ngapi huu, nyuma naweka oili ya injini iliyobaki kwenye kopo na haijawahi kulia. Hela za kununua lita nzima nitumie 200 nazitoa wapi.

KisumuTwin

@TwendePolepole haijalia bado. Difu haitoi taarifa mapema kama cheni. Cheni ikilegea unaiona, inapiga kelele, unaikaza. Krauni inakula polepole huko ndani gizani na siku unaposikia mlio ujue meno yameshaondoka, na krauni na pinioni zinauzwa pamoja, uliza bei yake alafu linganisha na lita moja ya oili. Zile mililita 800 zinazobaki zifunge vizuri zitakaa mpaka sevisi ijayo na nyingine.

bodaNoMore

Tena afadhali hiyo ya oili ya injini kwenye difu. Kuna jamaa hapa mtaani fundi alifanya kinyume, kaambiwa "weka gia oili" akaenda akaiweka kwenye injini kwa sababu kwenye boda gia ziko humo. Na kimsingi fundi hakuwa mjinga sana jamani, kwenye boda gia na injini zinakunywa kopo moja.

Shafti_Arusha

Na hili ni la kuandika vizuri kwa anayesoma baadae. Kwenye FJR gia boksi na injini vinatumia oili moja, klachi inaogelea humohumo, na hata ile gia ya katikati inayogeuza mzunguko kuupeleka kwenye shafti inapata oili ya injini. Gia oili inakwenda sehemu MOJA tu, nyuma kwenye difu. Ukimpa fundi kopo, mwonyeshe tundu kwa kidole.

BMW ni habari nyingine. Zile boksa (za silinda mbili zilizolala pembeni) za zamani mpaka R1200GS za kabla ya 2013 zina angalau sehemu tatu, injini, gia boksi na difu, kila moja na oili yake. Na hilo neno la "oili ya maisha" fundi wako hakulitunga, BMW wenyewe walipoleta R1200GS mwaka 2004 ndio walisema difu yake haihitaji kubadilishwa oili, za mwanzo hata bolti ya kumwagia hazikuwa nayo. Baadae wakarudi nyuma wakaweka bolti na wakaiingiza kwenye ratiba ya sevisi. Kwa hiyo fundi kasikia mahali, ila kasikia ya pikipiki nyingine na ya miaka ile.

Buibui_Muscat

Assalaam alaykum jamani. Mimi nipo Muscat na hapa tuna Gold Wing, GL1800. Kazi ni hiyohiyo isipokuwa kiasi, Gold Wing inachukua pungufu ya hizo 200, na Honda wanasema hipoidi SAE 80. Msije mkachukua 200 za huyo bwana mkatia kwenye Honda. Kila pikipiki na yake.

Nataka kuongeza kitu kimoja ambacho hakijasemwa. Ukishamwaga, kabla hujaitupa iangalie. Itie kwenye chupa safi ya maji uiweke kwenye jua. Ikiwa nyeusi au kijivu na inang'aa kidogo, hiyo ni kawaida kwa oili ya zamani. Ukiona matope ya kijivu laini kwenye bolti yenye sumaku, ukiyasugua kwa vidole huhisi chembe, hayo pia ni kawaida, ni chuma kilichosagika taratibu. Ukikuta chenga unazoweza kuzishika kwa kucha, au kipande chenye umbo la jino au cha beringi, usiijaze ukaondoka, peleka ikafunguliwe. Na ikiwa nyeupe kama maziwa basi maji yameingia, hapo badili, tembea kidogo, badili tena mpaka itoke safi, kisha tafuta maji yamepita wapi.

Huku kwetu ni joto na vumbi, maji hatuna ya kutosha hata ya kuingia kwenye difu 😄 lakini nyinyi huko mna mito na mna zile mashine za kuoshea za presha. Ile presha ukiielekeza kwenye sili kwa karibu, wallahi inapenya.

MzeeWaLami

Shukrani nyote. Jana jioni nimeanza, nimefuata amri ya kuanza na bolti ya juu na nashukuru mana imegoma kabisa. Haisogei. Nimeona kama kona za kichwa chake zimeanza kulika kidogo, kuna mtu kabla yangu alishatumia spana isiyokaa vizuri. Nimeacha kwanza nisije nikaiharibu zaidi. Nafanyaje?

Shafti_Arusha

Umefanya vizuri kuiacha. Usitumie spana ya kufungua kila saizi wala praiz. Tafuta soketi ya kona sita, sio kumi na mbili, inayokaa bila kucheza hata kidogo. Safisha uchafu wote kuzunguka bolti kwa brashi kwanza, mchanga ukidondoka ndani unatia dawa ya kusaga krauni. Pulizia ile oili ya kupenyeza kutu uiache usiku kucha. Asubuhi endesha pikipiki mpaka difu ipate moto, aluminiamu inatanuka zaidi kuliko chuma kwa hiyo bolti inalegea yenyewe kidogo. Kisha soketi juu, gonga kichwa cha bolti kupitia soketi kwa nyundo ndogo mara kadhaa, sio kwa nguvu, alafu vuta kwa mkupuo mmoja mfupi. Mara nyingi inatoa mlio "tak" na imekubali.

Moto wa gesi usiweke. Kuna sili za mpira humo.

KisumuTwin

Na ikifunguka tafuta bolti mpya, usirudishe hiyo iliyolika. Ukiwa unaagiza agiza na wosha zake pamoja.

MzeeWaLami

IMEFUNGUKA! Hiyo "tak" nimeisikia kweli, nikafikiri nimevunja 😂 Nimemwaga, oili nyeusi tii, imekuwa nzito na harufu ndo hiyo mliyoisema, mke wangu kafunga madirisha. Nimeiweka kwenye chupa juani kama alivyosema wa Muscat, haina maziwa, haina chenga, kuna ung'aavu kidogo tu. Bolti ina matope laini ya kijivu. Nimejaza 80W-90 GL-5 kwa sirinji na imefika ukingoni karibu na 200 kabisa.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Iliyotoka nimeipima kwa sirinji kabla ya kuitupa, ni 150 hivi. Nyingine imeenda wapi? Chini sijawahi kuona tone.

Buibui_Muscat

Kidogo hubaki imeshika ukutani ndani, lakini 50 ni nyingi kwa hiyo. Ama aliyeijaza mwisho aliijaza ikiwa kwenye stendi ya pembeni, ama inatoka polepole na upepo unaipeleka. Osha difu yote kwa dizeli na sabuni, kausha khasa, kisha pulizia unga, hata poda ya mtoto, kwenye maungio na kwenye sili ya upande wa tairi. Tembea siku mbili tatu. Penye kuvuja poda italowa na utapaona wazi.

Shafti_Arusha

Fanya hiyo ya poda kabla ya safari na angalia kiwango tena baada ya kilomita mia tano hivi. Ikiwa imebaki ukingoni basi ni aliyejaza. Ikiwa imeshuka, ni sili, na sili inabadilishwa hapo Dar, sio Iringa kwenye gereji ya malori.

Jambo la mwisho, ukija kutoa tairi la nyuma kwa ajili ya kubadili mpira, paka grisi yenye molibdenamu kwenye yale meno yanayounganisha rimu na difu. Hayo hayaoshwi na oili ya ndani hata kidogo, yanategemea grisi tu, na watu wanayasahau mpaka yanakuwa membamba. Grisi ya kawaida ya beringi inarushwa nje mapema.

bodaNoMore

Oili chafu msimwage kwenye mtaro jamani. Mimi naichukua napaka nguzo za banda la kuku, mchwa wanahama mtaa.

TwendePolepole

Haya. Nani anauza hizo mililita 800 zilizobaki, nipo Mbagala.

MzeeWaLami

@TwendePolepole nimebaki nayo ya kutosha, njoo na sirinji yako. Ila uje na stendi ya kati, sikupimii ikiwa imelala 😂 Poda nimepaka leo, jumamosi naenda Bagamoyo na kurudi, nitaleta majibu.